Usiangalie mpira, mwangalie gadi: nilivojifunza futiboli ya Marekani kwa ajili ya mwanangu

Msimu wa kwanza mwanangu kucheza timu kubwa ya shule nilienda mechi nne na sikuona hata mara moja ameshika mpira.

Mechi nne nzima. Ijumaa usiku, baridi ya Ohio, nimetoka kubeba boksi sijalala vizuri, nimekaa kwenye mabenchi ya bati na blanketi na chupa ya chai ya tangawizi, macho yote kwa namba 66, na kila wakianza yeye anainama, anagongana na mtu, anaanguka, anainuka, anarudi kwenye duara la wenzie, anakuja anainama tena. Mpira unaenda kwa wengine. Wengine ndo wanashangiliwa, wengine ndo jina lao linatajwa kwenye spika. Kwetu mtoto akicheza mechi nzima hajagusa mpira maana yake wenzie wanamnyima, na mimi nilivokulia Morogoro naangalia kaka zangu wakicheza chandimu nalijua hilo vizuri sana, kwaiyo niliumia, nikaanza kuwaza labda kwasababu ni mgeni, labda kochi hampendi, na nilishapanga kabisa kwenda kuongea na huyo kochi.

Kwenye gari nikamuuliza, baba, kwanini hawakupi mpira?

Akasema mama, mimi ni gadi, gadi hapewi mpira, namba kuanzia 50 mpaka 79 haturuhusiwi hata kupokea pasi, ni sheria.

Sasa pale unafanya nini?

Akanyamaza muda mrefu anaangalia nje. Alafu akasema, kila kitu mama.

Hilo jibu lilinikaa. Naandika hii kwa ajili ya wazazi wenzangu mlioko huku ambao vijana wenu wameingia kwenye huu mchezo na mnakaa pale uwanjani masaa mawili na nusu hamuelewi kinachoendelea, maana mimi ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa na ningepata mtu wa kunielezea kwa Kiswahili ingenichukua wiki mbili.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee ninayofanya kazi zamu ya usiku. Huyu mzee hapati usingizi, na miaka ya sabini alikua kochi msaidizi kwenye shule moja ya mji mdogo huku huku Ohio, alikua anafundisha hao hao watu wa safu ya mbele. Usiku mmoja nikamwambia habari za mwanangu, nikamwambia ni gadi, aisee yule mzee alikaa kitandani mwenyewe bila kusaidiwa. Akaniambia niletee vile vikombe vidogo vya karatasi vya kuwekea dawa, leta 22.

Akavipanga kwenye ile meza ya magurudumu ya kulia chakula, 11 vimesimama, 11 vimefunikwa kichwa chini. Akaniuliza, mwanao ni yupi?

Sikujua.

Akaanza na hesabu, na ndo mahali pa kuanzia kwa mtu yeyote, kwaiyo nianzie hapo hapo. Timu yenye mpira ina nafasi nne, kila nafasi wanaiita dauni, na ndani ya hizo nne inatakiwa isogee yadi 10. Ikizipata inaanza kuhesabu upya, ikishindwa mpira unaenda kwa wenzao. Wale watu wawili wenye fimbo na mnyororo pembeni ya uwanja, mnyororo wao una urefu wa yadi 10 kamili na kazi yao ni hiyo tu. Huu utaratibu wa nne kwa kumi upo toka 1912, kabla ya hapo walikua na dauni tatu. Kuvuka mstari wa mwisho na mpira, wanaita tachidauni, ni pointi 6, ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya zile nguzo ni 3, na baada ya tachidauni unapewa nafasi ya kuongeza moja au mbili. Hayo mengine utayajua ukienda.

Ukishajua nne kwa kumi unaelewa kwanini plei, yaani mipango ya kila dauni, zinachaguliwa vile zinavochaguliwa. Dauni ya kwanza ukipata yadi 4 au 5 umekaa vizuri, maana ya pili unaweza kufanya chochote, kukimbia sawa, kurusha sawa, na wale wanaozuia, yaani timu isiyo na mpira, hawajui kitu gani kinakuja. Ila ukipoteza dauni mbili ukabaki na ya tatu na yadi 9, uwanja mzima unajua utarusha, mpaka muuza popcorn anajua, na wale wa kuzuia wanakuja kwa kasi kumfata kwotabeki, yule anayerusha mpira. Mzee aliniambia kazi kubwa ya kochi wa mashambulizi ni kukaa mbali na hiyo dauni ya tatu ndefu. Ndo maana ukiona timu inakimbia yadi tatu tatu nne nne usilalamike kwamba hawasogei. Ohio wanaujua sana huo mchezo, kochi Woody Hayes aliyefundisha chuo cha Ohio State toka 1951 mpaka 1978 alikua maarufu kwa hiyo staili, wenyewe wakaiita yadi tatu na wingu la vumbi.

Sasa rudi kwenye vikombe.

Kwenye hao 11 wenye mpira, watano wa katikati ndo safu. Wa katikati kabisa ni senta, ndo anaupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Pembeni yake kulia na kushoto magadi wawili, nje yao matekoli wawili. Hawa watano hawapokei pasi. Wanaobaki ni kwotabeki, raningi beki ambaye ni mkimbizaji wa mpira anayesimama nyuma au pembeni yake, na wengine wanne ambao ni marisiva, yaani wadakaji wa pasi, na taitiendi kutegemea na mpango wa kochi. Taitiendi ni yule mkubwa anayekaa mwishoni mwa safu, anazuia kama tekoli ila anaruhusiwa kudaka.

Mzee akachukua kikombe kimoja akakiweka kidole, akasema huyu ndo mwanao, gadi wa kushoto. Alafu akasema, hesabu. Wako 11 kwa 11, sio? Ila aliyebeba mpira hawezi kumzuia mtu, na kwotabeki akishatoa mpira kawaida anabaki kuangalia tu. Kwaiyo wa kuwazuia wapinzani wanabaki 9. Upande wa pili wote 11 wanaweza kukamata. Maana yake kila plei ya kukimbia kuna watu wawili hawana wa kuwazuia. Mambo yote ya huu mchezo, akasema, michoro yote, maelfu ya plei, ni namna ya kujibu swali moja, hao wawili tunawafanyaje.

Kiukweli hapo ndo kichwa changu kilifunguka. Mimi nilikua nadhani ni fujo tu, watu wanagongana mwenye nguvu anapita. Kumbe kila plei kuna mtu mmoja wa upande wa pili ambaye amechaguliwa, anawekewa swali, na wanataka akosee.

Akanionyesha trapu, ambayo ni mtego na jina lake lina maana hiyo hiyo. Mchukue yule mkubwa wa upande wa pili anayekaa mbele ya gadi wa kulia, lile dude la kilo 130. Kawaida kazi yake ni kupenya aje nyuma. Sasa kwenye trapu hakuna mtu anayemgusa. Gadi wa kulia anampita kama hajamuona, anaenda kumzuia mwingine wa mbele zaidi. Yule mkubwa anaona mlango uko wazi, anafurahi, anaingia kwa kasi zote anamtazama mwenye mpira. Na mwanangu, gadi wa kushoto, anachomoka kutoka nafasi yake, anakimbia sambamba na safu nyuma ya mgongo wa senta, anamkuta yule bwana ubavuni, hajajiandaa, haoni, na anampiga atoke nje. Raningi beki anapita palepale mahali yule mkubwa alipokua amesimama. Mzee alivisogeza vikombe taratibu sana, akarudia mara tatu, alafu akanipa nisogeze mwenyewe.

Nilifanya na mkono wangu ukatetemeka. Nilikumbuka mechi ya pili, mwanangu alivokimbia kwenda kulia nikadhani amechanganyikiwa, amesahau pa kukaa.

Kuanzia siku hiyo mzee akanipa sheria moja, uwanjani usiangalie mpira. Mwangalie gadi. Mpira utauona tu baadae, ila gadi ndo anasema ukweli. Gadi akitoka chini kwenda mbele kwa nguvu, ni mbio. Akiinuka kichwa juu na kurudi hatua nyuma, ni pasi. Akichomoka kwenda pembeni, mfate, mpira unakwenda anakokwenda. Na akasema hao wa timu isiyo na mpira, hasa wale wa katikati wanaoitwa lainibeka, wanafundishwa kufanya hivo hivo, hawamtazami mwenye mpira, wanawatazama magadi.

Nilijaribu Ijumaa iliyofata. Dakika kumi za kwanza macho yanataka kukimbilia mpira yenyewe, unayarudisha, yanakimbia tena, ni kazi kweli. Robo ya pili nikaanza kuona. Mwanangu anachomoka, nasema kimoyomoyo kulia, na mpira kweli unaenda kulia. Anarudi nyuma, nasema pasi, inarushwa. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa pembeni yangu akaniuliza mumeo ni kochi?

Plei ambayo ukiijua hiyo moja tu utafaidi mechi nzima inaitwa paua, na karibu kila timu ya shule wanayo. Wa upande ule mpira unakoelekea wanawasukuma watu wote kuelekea ndani, kama unavosukuma pazia. Mtu mmoja, mara nyingi taitiendi au fulubeki, yule wa nyuma anayemfungulia njia raningi beki, anampiga yule wa mwisho wa pembeni kumtoa nje. Hapo katikati panabaki uchochoro. Na gadi wa upande wa pili anachomoka anazunguka anaingia kwenye huo uchochoro wa kwanza, kabla ya mwenye mpira, anatafuta lainibeka wa kumpiga. Gadi anamfungulia njia mwenzie kama askari wa msafara wa kiongozi. Kuna plei nyingine ya zamani ya ndugu yake inaitwa swipu, magadi wote wawili wanachomoka kwenda pembeni kabisa na raningi beki nyuma yao. Kochi Vince Lombardi wa Green Bay Packers aliifanya hiyo kuwa plei yake kuu miaka ya sitini, wapinzani walikua wanajua inakuja na bado hawaizuii, na ndo hao walioshinda Super Bowl, yaani fainali kubwa ya mwaka, mbili za kwanza. Mzee akiiongelea swipu ya Lombardi anaongea kama mtu anaongelea kijiji alichozaliwa.

Sasa hivi vijana wanapenda zaidi ile ya kumsoma mtu, na hapa ndo ile hesabu ya 9 kwa 11 inajibiwa kwa akili nyingine. Wanamwacha mtu mmoja wa pembeni kabisa hawamzuii makusudi. Kwotabeki anaweka mpira tumboni kwa raningi beki, hajauachia, anamtazama yule mtu. Yule akimkimbilia raningi beki, kwotabeki anauchomoa mpira anakimbia nao pale palipobaki wazi. Yule akisubiri, kwotabeki anauachia. Yaani hujamgusa na umemwondoa kwenye mchezo, chochote atakachochagua amekosea. Siku hizi wanaongezea na pasi fupi juu yake, kwotabeki anachagua kati ya kuachia au kurusha kwa kumtazama lainibeka mmoja. Mwanangu anasema kwake yeye haibadiliki kitu, anapiga tu kama ni mbio, ila awe makini asisogee mbele sana maana mpira ukirushwa na yeye yuko mbele ya mstari ni kosa. Kwenye NFL, ligi ya wanaolipwa, wanaruhusu yadi 1 tu, vyuoni yadi 3.

Kuhusu pasi nilichelewa kuelewa kwasababu zinaonekana kama bahati, mtu anarusha mbali mwingine anadaka. Pasi ya kwenda mbele yenyewe haikuwepo mwanzoni, iliruhusiwa 1906 baada ya mwaka 1905 ambao vijana wengi waliumia na kufa mpaka rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa mchezo wabadilike. Huwa nalifikiria sana hilo, kwamba pasi iliingia kwenye mchezo ili watoto wa watu wasife. Kuhusu kuumia kichwa na mimi siongei kwa utani, mwanangu anajua akihisi kizunguzungu hata mara moja anatoka uwanjani na ananiambia siku hiyo hiyo, na hilo ndo sharti nililomsainia fomu.

Pasi fupi ndo nilianza kuzielewa, na zina hadithi ya huku kwetu Ohio. Mwaka 1970 kule Cincinnati timu ya Bengals kwotabeki wao mwenye mkono mkubwa alikua ameumia, wakabaki na Virgil Carter ambaye hana nguvu ya kurusha mbali ila ana akili na anarusha mahali panapotakiwa. Kochi msaidizi Bill Walsh akatengeneza mashambulizi ya kumfaa huyo, pasi za yadi tano sita, kwa haraka, pembeni pembeni, risiva anaupokea akiwa anakimbia na yadi nyingine anazipata kwa miguu yake. Baadae Walsh akaenda San Francisco na Joe Montana akawa kwotabeki wake, na watu wakaiita staili ya pwani ya magharibi wakati ilizaliwa hapa. Na kwenye Super Bowl mbili, Januari 1982 na Januari 1989, Walsh akaja kuwafunga hao hao Bengals. Mzee bado inamuuma.

Ndani ya hizo pasi akili ni ileile, kuna mtu mmoja anaulizwa swali. Chukua risiva wawili upande mmoja. Mmoja anakimbia mbele kidogo anageuka anasimama, mwingine anatoka chini chini kwenda pembeni. Katikati yao kuna mtu mmoja wa kuzuia. Akishuka kumfata wa chini, mpira unaenda kwa wa juu. Akibaki juu, wa chini anapewa. Kwotabeki hawatazami marisiva wake wawili, anamtazama huyo mmoja. Nilivoambiwa hivo nikaacha kushangaa kwotabeki anawezaje kuona uwanja mzima ndani ya sekunde tatu, kumbe haangalii wote.

Kuna plei mbili nimeziangalia na mwanangu sebuleni labda mara hamsini. Ya kwanza ni Super Bowl ya Februari 2023, Kansas City na Philadelphia. Risiva wa Kansas City anaanza kukimbia kuelekea ndani kabla mpira haujaanza, kama anavuka kwenda upande wa pili, ambayo inaruhusiwa, mtu mmoja anaruhusiwa kutembea ilimradi asiende mbele. Wazuiaji wanaanza kupokezana, wewe mwachie, huyu atamchukua mwenzio. Katikati ya huko kupokezana mpira unaanza na risiva anageuka ghafla anarudi alikotoka. Hakuna mtu. Tachidauni. Wakafanya hivo kwa Kadarius Toney, alafu baadae wakafanya upande wa pili kwa Skyy Moore, ile ile, hakuna mtu tena. Wakashinda 38 kwa 35.

Ya pili ni ya Februari 2015, Seattle wako yadi 1 kuifunga New England, dauni ya pili, sekunde 26 zimebaki, wana Marshawn Lynch, raningi beki mmoja mgumu kuliko wote, na wakarusha pasi, Malcolm Butler wa New England akaidaka, mechi ikaisha New England wameshinda 28 kwa 24. Kila mtu anasema wangempa Lynch. Mzee anakataa. Anasema walibakiwa na taimauti moja, yaani ruhusa moja ya kusimamisha saa, muda mdogo, na dauni tatu, ukikimbia ukakamatwa inabidi uitumie hiyo taimauti, alafu ile ya tatu unatakiwa urushe tu, kwaiyo kurusha mara moja hapo sio wazimu. Ukitaka kujua ilikufaje, anasema, acha kumwangalia Butler. Plei ile ilimtegemea risiva wa Seattle Jermaine Kearse aende kumziba Butler njia ili mwenzie Ricardo Lockette apite nyuma yake. Mtazame Brandon Browner wa New England. Browner alimshika Kearse kifuani pale pale kwenye mstari akamgandisha, hakusogea hata hatua, na Butler akabaki na njia nyeupe kuja kwenye mpira. Watu milioni wanamkumbuka Butler, na haki yake, ila Browner ndo aliyeiua ile plei na hakugusa mpira. Nilimwona mwanangu alivokua anaangalia hiyo sehemu, anairudisha, anairudisha, haongei.

Turudi kwa magadi, maana nimeacha kitu. Nimesema lainibeka anamsoma gadi. Sasa ndo utaelewa ile plei ya kudanganya, plei akshoni, kwotabeki anajifanya anampa raningi beki mpira alafu anauficha na kurusha juu ya vichwa vya watu. Mimi nilidhani uongo unafanywa na mikono ya kwotabeki. Sehemu kubwa ya ule uongo ni safu. Magadi wakiinuka juu kama kawaida ya pasi, lainibeka hadanganyiki hata kwotabeki angekua mwigizaji wa bongo muvi. Inabidi gadi atoke chini, kwa hasira, kama mbio kabisa, hatua mbili, ili lainibeka aamini apande mbele, na nyuma yake pabaki wazi. Na kuna kinyume chake, droo, gadi anainuka kama pasi, wanaozuia wanakuja mbio kumfata kwotabeki, na mpira unapewa raningi beki anapita katikati yao. Inasemekana hiyo ilianza kwa makosa huku Cleveland, kwotabeki Otto Graham amebanwa akampa Marion Motley mpira kwa kukosa namna, na Motley akapita, kochi Paul Brown akaiona akaiingiza kwenye daftari.

Kwaiyo gadi ndo anasema ukweli, na pia anatakiwa awe anajua kudanganya.

Na hapa ndo nilimkuta mwanangu na kosa. Ilikua msimu wa pili, nakaa chini kabisa karibu na uwanja sasa, na nikagundua najua plei kabla haijaanza. Nikadhani nimekua mjuzi. Ila nikajipima kwa gadi wa kulia, sikujua. Nikajipima kwa gadi wa timu nyingine, sikujua. Nilikua namjua wangu tu. Mechi mbili nikatafuta ni nini. Ilikua ni mkono wake wa kulia. Wakiinama wanaweka mkono mmoja chini, na ikiwa ni mbio ya kwenda mbele anaegemea mpaka vidole vinakua vyeupe kwenye maungio na kiuno kinapanda. Ikiwa anachomoka pembeni au anarudi nyuma, mkono unagusa nyasi tu, kama mtu anayeonja joto la chai. Mimi nimemuogesha huyu mtoto, naujua ule mkono toka una vishimo.

Usiku nikamuuliza mzee. Akaniambia hicho kitu kipo, kila gadi kijana anacho, na lainibeka mzuri anakiona kama wewe ulivokiona. Akasema mwambie leo, usisubiri kesho.

Nilirudi asubuhi nikamkuta jikoni anakula uji kabla ya basi la shule. Sikujua nianzie wapi, mama anamwambiaje mwanae kitu cha kazi yake. Nikamwambia baba, inama. Akacheka, nini mama, nikamwambia inama kama uwanjani. Akainama pale kwenye vigae. Nikamwambia paua kushoto. Akaegemea, vidole vikabadilika. Nikamwambia trapu kulia, unachomoka. Mkono ukawa mwepesi. Nikamwambia uangalie mkono wako.

Akauangalia. Akarudia mwenyewe mara mbili, tatu, hajaniangalia. Alafu akainuka akasema, kwa sauti ndogo, mechi ya Ijumaa namba 44 alikua ananiwahi kila nikichomoka, nilidhani ana mbio kuliko mimi.

Basi likapiga honi, akaondoka na uji nusu.

Wiki nzima alikua anainama gereji, namuona kwa dirisha, ameweka mzani wa bafuni chini ya mkono, anataka usome namba ileile kila mara. Hilo la mzani ni wazo lake, sikumwambia mimi wala mzee.

Ijumaa nikakaa palepale chini. Dauni ya kwanza nikasema anaenda mbele, akachomoka. Ya pili nikasema pasi, akatoka chini kama risasi na lainibeka wao akapanda mbele na mpira ukapita juu ya kichwa chake yadi 30. Kwenye plei kumi za kwanza nilikosea sita. Nilimtazama ule mkono mpaka macho yakauma na hayakunipa kitu, mkono wa mtu mzima umetulia kwenye nyasi.

Jumapili usiku nikaingia zamu, nikamwambia mzee nimeshindwa kumsoma. Akaniambia leta vikombe.